Mufwankolo: mchezaji aliyeingiza Kiswahili cha Katanga kwenye televisheni

Kwenye karatasi jina lake ni Odilon Kyembe Kaswili. Lakini jina hilo ukilitaja katika kartie za Kolwezi au Lubumbashi, watu wengi watakutazama tu. Sema Mufwankolo, na mtu yeyote aliyekuwa na macho mbele ya televisheni wakati wa Zaïre ataanza kucheka kabla hujamaliza.

Mufwankolo ni mchezaji wa tiatri wa Lubumbashi aliyejulikana katika jimbo zima la Shaba, yaani Katanga ya zamani, ambayo leo imegawanyika: sisi wa Kolwezi tuko Lualaba tangu mwaka 2015. Jina hilo lilikuwa lake, kisha likawa la kikundi chake pia, Groupe Mufwankolo. Kikundi kilicheza redioni na kwenye televisheni ya serikali, kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Hakikucheza kwa Kiswahili cha vitabu. Kilicheza kwa kile ambacho mama anaongea sokoni na mufanyakazi anaongea akitoka kazini.

Wenzake wengine walijulikana vilevile kwa majina ya mchezo. Kulikuwa na Bibi Kawa, mwanamke aliyesimama kando yake na ambaye maneno yake yalikuwa makali kuliko ya wanaume. Kulikuwa na Kachelewa. Mchezaji akishapata jina kama hilo, analibeba kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, na akipita barabarani watu wanamuita kwa jina hilo hilo. Tusisahau kwamba ilikuwa pia miaka ya majina kubadilika kwa amri. Kuanzia mwaka 1972 jina la kikristo halikutakiwa tena kwenye karatasi za serikali, na Odilon, Joseph na Marie wakafichwa nyumbani. Jina la mchezo halikuguswa na mtu.

Lugha iliyotoka kazini

Ili kuelewa kwa nini watu walimpenda hivyo, inafaa kwanza kuelewa lugha aliyotumia.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kazi ilikuwa nyingi na watu wa kuifanya walikuwa wachache, basi kampuni ikaanza kuwatafuta mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ikaona faida ya kumuacha mufanyakazi aje na mke wake na kukaa katika kambi miaka mingi, badala ya kumrudisha kijijini kila mara. Watoto wakazaliwa kambini. Baba ni Muluba, jirani ni Mubemba, upande mwingine ni Mutetela, na watoto wote wanacheza pamoja mbele ya nyumba zilizofanana. Lugha waliyoshika ni Kiswahili. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, ulikulia katika hali hiyo hiyo: Musonoi, Ruwe, Manika, kila mahali makabila yamechanganyika na Kiswahili ndicho kinachowaunga.

Lakini Kiswahili gani? Mashuleni na makanisani kulikuwa na kile kinachoitwa Kiswahili bora. Habari za redio zilisomwa kwa hicho. Mtu alikisikia, akakiheshimu, kisha akarudi nyumbani na kuongea kingine. Kwa Kiswahili bora unasema: yule mtu hunywa sana. Katika kartie unasema: ule mutu anakunywaka sana. Watoto wako wapi? Batoto beko wapi? Hiyo «ka» inayowekwa nyuma ya kitendo ili kuonyesha kwamba ni mazoea, hiyo «ba» ya watu wengi inayotoka katika lugha za Wabemba na Waluba, na Kifaransa kinachoingia katikati bila kubisha hodi, hayo yote yalihesabiwa kuwa makosa. Mwalimu aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mufwankolo na wenzake waliyaweka kwenye televisheni ya serikali.

Si jambo dogo. Televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966, na kwa muda mrefu sauti yake ilikuwa Kifaransa na Lingala. Katika nchi yenye lugha nne za taifa, Lingala ilikuwa lugha ya jeshi, ya muziki na ya watu wa rais. Kinshasa ilikuwa na vikundi vyake vya mchezo kwa Lingala, ile michezo inayoitwa maboke, na Groupe Salongo ndicho kilichojulikana zaidi. Mufanyakazi wa Gécamines aliyerudi nyumbani jioni na kumsikia mtu kwenye televisheni akigombana na mke wake kwa maneno yale yale aliyotumia yeye mwenyewe jana yake, huyo alijiona. Na jirani yake, ambaye alikuwa amesikia ugomvi wa jana kupitia ukuta, alimuona pia.

Lugha yenyewe ilikuwa sehemu ya kichekesho. Anayetaka kuonekana mukubwa anaanza kuchomeka Kifaransa, na kadiri anavyozidi kudanganya, Kifaransa kinaongezeka. Mzee wa kijijini anajibu kwa methali. Mke anayejua ukweli wote anaongea Kiswahili kilichonyooka. Mtazamaji wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa nani ana pesa na nani anajifanya, anasikia tu jinsi kila mmoja anavyoongea. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa angeelewa maneno mengi, lakini hapo hangecheka.

Bila karatasi

Kikundi hakikuwa na mtu anayeandika mchezo ili wengine waushike kichwani. Kazi ilianza kwa wazo: jambo lililotokea katika mji, methali, ugomvi wa ndoa, mtu aliyelewa na kupoteza mushahara. Wanakaa, wanabishana. Hadithi inaanzia wapi? Nani atakuwa nani? Itaishaje? Wakishakubaliana njia, wanagawana nafasi na kuanza kujaribu. Maneno yenyewe yanatoka kinywani pale pale. Jaribio la pili halifanani kabisa na la kwanza, na siku ya kunasa picha mambo mapya yanaingia ambayo hata mwenzako hakuyatarajia, naye inabidi ajibu haraka.

Kuna wanaodhani kufanya hivyo ni kwa sababu watu hawakusoma. Hapana. Mchezo wa namna hiyo unataka kichwa chepesi na masikio makubwa kuliko mchezo ulioandikwa. Mchezaji mwenye karatasi akisahau, anasaidiwa na karatasi. Mchezaji wa Mufwankolo alisaidiwa na mwenzake tu, ndiyo maana kikundi kilikaa pamoja miaka mingi na watu walijuana kama ndugu wa nyumba moja.

Ubaya wake unaonekana baadaye. Mchezo usioandikwa, ukishapita hewani, umepita. Hakuna daftari. Kama leo tunaweza kusoma baadhi ya michezo ya kikundi hicho neno kwa neno, ni kwa sababu watu wa masomo walikuja na mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1981, huko Vienna, Austria, Walter Schicho pamoja na Mbayabo Ndala walitoa kitabu chenye jina la kikundi chenyewe, Le Groupe Mufwankolo. Schicho ni mtaalamu wa lugha. Alipendezwa na Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyoongewa, na kwa kazi yake hakuna mahali pazuri kuliko mchezo ambamo watu wanagombana, wanabembelezana, wanadaiana na kudanganyana. Ni ajabu kidogo: kitu ambacho shuleni kilisahihishwa kwa nyekundu kilipigwa chapa Ulaya kama kilivyo.

Firigisi ya kuku

Kazi ya kikundi inayojulikana zaidi ulimwenguni ni ya mwaka 1986, na ilianza mezani.

Johannes Fabian ni mwanaantropolojia aliyezaliwa Ujerumani. Watu wa Kolwezi wana sababu ya kulijua jina lake, kwa sababu ni hapa alipoanzia, katika miaka ya 1960, akichunguza Jamaa, ile jumuiya ya Wakatoliki iliyozaliwa kutokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels. Hapa ndipo alipozoea Kiswahili cha wafanyakazi. Baadaye, kati ya 1972 na 1974, alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi.

Mwaka 1986 alikuwa tena Lubumbashi. Siku moja alikuwa anakula na marafiki, na kuku alikuwa mezani. Kila mtu wa hapa anajua kwamba kuku ana sehemu zake, na firigisi hapewi mtu yeyote tu. Ni ya mukubwa, au ya mgeni anayeheshimiwa. Ni hapo, kuhusu firigisi hiyo, aliposikia msemo kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier. Mamlaka inaliwa nzima. Haikatwi vipande.

Msemo ulimkaa kichwani. Ulisikika kama neno la wazee, lakini ulisemwa kwa Kifaransa. Na ulimaanisha nini? Kwamba mwenye mamlaka asigawanye na mtu? Au kwamba anayekubali mamlaka ameze yote, utamu pamoja na uchungu? Akawauliza wachezaji wa Mufwankolo. Watu wengine wangempa jibu la dakika tano. Wao walikaa wakabishana, kila mmoja na maana yake, kisha wakachukua njia waliyoizoea: tufanye mchezo.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno lenyewe. Pouvoir kwa Kiswahili ni nini? Nguvu? Lakini hata mwizi ana nguvu. Uwezo? Hata fundi ana uwezo. Mamlaka? Ukubwa? Ufalme? Kila neno linavuta hadithi upande wake. Ukichagua ukubwa, unazungumza juu ya mtu na cheo chake. Ukichagua nguvu, unakaribia ugomvi. Kwa watu ambao kazi yao ni kuonyesha na si kueleza, jibu halikuwa kuchagua neno moja. Walijenga kijiji kizima, chenye chifu, wakubwa wake, na wanakijiji wenye visa vyao, ili mtazamaji aone mwenyewe kinachotokea pale mamlaka inapotikisika.

Mazoezi yalifanyika Lubumbashi. Kwa siku ya kunasa picha kikundi kilitoka mjini pamoja na watu wa televisheni, kikaenda Kawama, kijiji kisicho mbali na Lubumbashi, na kucheza huko, mbele ya wanakijiji wenyewe.

Sasa fikiria mwaka. Mwaka 1986 Mobutu alikuwa madarakani kwa zaidi ya miaka ishirini. MPR ilikuwa chama kimoja, na kwa sheria kila raia alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Shaba ilikuwa imepita vita viwili, 1977 na 1978, na hicho cha pili kilipigwa hapa Kolwezi, mwezi wa 5. Wazee wetu wanakumbuka maiti barabarani na askari wa Ufaransa wakishuka kutoka angani. Tangu hapo Kinshasa iliitazama Shaba kwa jicho la wasiwasi. Katika hali hiyo, kwenye televisheni ya serikali, watu wanacheza mchezo juu ya chifu na mamlaka isiyogawanywa.

Je, ulikuwa mchezo wa kumsifu mukubwa au wa kumsema? Ukitaka kumsifu, maneno yapo: chifu ni mmoja, bila chifu kijiji kinaharibika. Afisa wa chama aliyekaa mbele ya televisheni hangepata kosa. Lakini mtu wa Kenya au Katuba, aliyekuwa ameona mushahara wake ukipungua nguvu kila mwezi, alisikia neno «kula» na hakufikiria firigisi tu. Katika Kiswahili chetu mukubwa anayekula ni mukubwa anayeiba. Mchezo haukuhitaji kusema hivyo. Ulitaja chakula na cheo pamoja, na mtazamaji akamalizia mwenyewe. Nguvu ya kikundi hicho ilikuwa hapo. Ukikisoma kama maneno ya upinzani unakosea, na ukikisoma kama propaganda unakosea pia. Wachezaji walikuwa watu wa mji wenye familia, waliotumia televisheni ya serikali, na walijua kwa usahihi jinsi ya kupita kati ya mawe mawili bila kusagwa.

Fabian alinasa karibu kila hatua: mabishano ya kwanza, mazoezi, hadi mchezo wenyewe. Mwaka 1990 alitoa kitabu chake Marekani, katika chuo kikuu cha Wisconsin, kwa jina Power and Performance. Humo anaeleza kwamba kwa mchezo ule yeye hakuwa mtu wa kuuliza maswali na kuandika majibu tu. Swali lake liliingia katika kazi ya watu, na jibu likawa kazi yenyewe. Tangu hapo wanafunzi wa antropolojia katika nchi nyingi wanalisoma jina la Mufwankolo, hata wale ambao hawangeweza kuonyesha Lubumbashi kwenye ramani.

Miaka ya taabu

Mwaka huo huo wa 1990 mambo mengi yalianguka. Mwezi wa 4 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi wa 9 sehemu ya mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ilifika chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mushahara ulichelewa, kisha ukakosekana. Na katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala kwenye stasyo zikisubiri treni, na wengine walifia huko.

Inafaa kutaja hayo katika makala juu ya mchekeshaji. Watazamaji wa Mufwankolo walikuwa watu wa kambi, waliochanganyika, wanaopata mushahara mwisho wa mwezi na kucheka kitu kimoja kwa lugha moja. Mchezo wa mtu aliyelewa siku ya mushahara unahitaji mushahara. Mchezo wa majirani wa makabila mbalimbali wanaosutana kwa Kiswahili unahitaji majirani hao wawe bado wapo. Wachezaji walibaki na majina yao, lakini ulimwengu uliowacheka ulianza kupasuka.

Nchi nyingine za Kiswahili zilikuwa na watu wa aina yake. Kenya ilikuwa na Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyefariki mwezi wa 7 mwaka 2015. Tanzania ilikuwa na Amri Athuman, King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwezi wa 8 mwaka 2018, na ambaye sinema zake mtu wa Kolwezi anaelewa bila shida. Ojwang alikuwa na Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na watu walicheka hapo. Kwa Mufwankolo mambo yalikuwa tofauti: hakuna mtu mmoja aliyeongea vibaya ili wengine wamcheke. Wote waliongea hivyo, na waliokuwa mbele ya televisheni pia.

Leo vijana wa Kolwezi wanacheza vichekesho mbele ya simu: mume aliyerudi na noti za dola kutoka kuchimba, mke, mama mkwe, polisi anayetaka matabishi. Hawaandiki. Wanakubaliana hadithi, wanagawana nafasi, wanaanza. Wengi wao hawajawahi kuona mchezo hata mmoja wa Mufwankolo, na ukiwauliza wamejifunza wapi, watakutajia watu wa Nijeria na Tanzania.

Kitabu cha Fabian kimeandikwa kwa Kingereza, lakini katikati yake kuna kurasa nyingi ambazo si za Kingereza. Ni maneno ya wachezaji jinsi yalivyotoka, na «ba» zake, na «ka» zake, na Kifaransa chake cha katikati. Mtu wa Manika au Dilala anaweza kuzisoma kwa sauti bila msaada wa mtu.